Eti mchungaji anafanya kazi Jumapili tu? Njooni niwape wiki yangu hapa Dar

Mchunga wa Mbezi

Wakuu, habari za jioni. Bwana Yesu asifiwe kwa wale wa kuitikia.

Kwenye uzi mmoja wa ajira kuna mdau kaandika kwamba hakuna kazi laini Tanzania hii kama uchungaji. Unavaa kola, unaongea nusu saa Jumapili, wazee wanahesabu sadaka, unalala hadi Jumapili nyingine. Kamwagiwa laiki za kutosha. Badala ya kubishana naye kule nimeona nifungue uzi wangu.

Mimi ni mchungaji wa KKKT, yaani Walutheri, Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Usharika siutaji, ila uko njia ya Morogoro Road ukishapita Kimara. Watu wakisikia mchungaji wa Dar, picha inayowajia ni Azania Front, lile kanisa la Wajerumani lenye mnara pale mbele ya bahari, na wakubwa wamekaa viti vya mbele. Kwangu ni bati, feni zinazozunguka kwa hiari yao, na masika tunahamisha viti vya upande wa kushoto kwa sababu ya maji. Waumini wangu mliomo humu (najua mpo) mnitunzie siri.

Niweke msimamo mapema ili wa kubisha mjipange: kuhubiri ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kazi yenyewe ni kufika. Kufika msibani, kufika wodini, kufika kwenye nyumba ambayo mume na mke wanawasiliana kupitia mtoto. Na kufika Dar si jambo dogo. Toka 2016 mwendokasi ulipoanza, mimi kwenda Muhimbili napanda Kimara, nashuka Faya, namalizia na boda. Mvua ikinyesha Jangwani ikajaa maji, basi mgonjwa anangoja na mimi nangoja.

Jumatatu kwenye karatasi ndiyo siku yetu ya kupumzika. Simu haisomi karatasi. Hapo ndipo anapopiga mzee wa jumuiya: "Baba mchungaji, tumepatwa."

Nitaendelea kwenye msiba, maana hapo ndipo mambo yalipo. Nipeni dakika ninywe chai.

Kijana wa Tandika

Nimeweka kambi. Tiririka mchungaji.

Mzee wa Hoja

Aliyeandika kule ni mimi na sifuti. Nipe sababu. Mimi nakesha lindo, wewe unakesha wapi?

Mchunga wa Mbezi

Mzee wa Hoja, karibu, uzi huu ni wako kabisa.

Msiba. Mtu akifariki, taarifa inapita kwa mzee wa jumuiya, inakuja kwa mwinjilisti, inakuja kwangu. Jioni ile ile turubai limesimama, viti vya plastiki vimepangwa, daftari la rambirambi liko mezani na kijana mwenye mwandiko mzuri. Tunafanya ibada fupi. Ibada ikiisha ndipo linapokuja swali lenyewe: tunazika hapa au tunasafirisha?

Kama ni Mchaga, Mpare, Mhaya au Mnyakyusa, jibu mara nyingi mnalijua. Kamati inakaa: jeneza, gari la mwili, Coaster ya wafiwa, chakula cha njiani. Mimi naandika barua kwenda usharika wa kule nyumbani kwamba huyu alikuwa mshirika wetu, mpokeeni. Barua hiyo mnaiona karatasi tu, lakini bila hiyo mchungaji wa kule naye ana maswali yake, na mwili hauwezi kusubiri maswali.

Sasa kitu ambacho Makumira, chuo chetu cha theolojia, hawakunifundisha. Pale Usa River Kigiriki na Kiebrania vilinitoa jasho, ila hakuna somo la kukaa chumbani kwa marehemu, watu wazima saba juu ya kitanda kimoja, gari la mwili limeshatoka mochwari liko njiani, na tunajadili wasifu. Marehemu ameacha watoto wanne au sita? Mama mwenye nyumba anasema wanne. Nje chini ya mwembe kuna mwanamke ameketi na vijana wawili, na vijana wale wana paji la uso la marehemu, huhitaji kuuliza mtu. Shangazi anasema wakitajwa yeye anaondoka. Kaka wa marehemu anasema wasipotajwa yeye haingii kaburini kupokea jeneza.

Mnajua tuliandika nini? "Ameacha mjane, watoto na wajukuu." Bila idadi. Na nikamwambia msomaji, ukifika hapo usisimame, usimwangalie mtu, endelea na kazi alizofanya reli. Wakati wa kuweka mashada MC aliita "watoto wa marehemu" na waliosimama walikuwa sita. Hakuna aliyekohoa. Shangazi bado yupo kwaya ya akina mama.

Hiyo siku nilirudi nyumbani saa nne usiku. Mahubiri yenyewe yalikuwa ya dakika kumi na mbili.

Dada Lulu

"Usimwangalie mtu, endelea na kazi alizofanya reli" 😂😂 baba mchungaji umenimaliza.

Kijana wa Tandika

Sisi Waislamu mtu akifa asubuhi, alasiri ameshazikwa. Nyie mnakaa siku nne mnapanga ratiba, mwisho mnaandika saa sita mchana ibada inaanza saa nane.

Mchunga wa Mbezi

Kijana wa Tandika, hapo umenishinda na sibishi. Jirani yangu mzee mmoja alifariki, Mwislamu, tumeishi ukuta kwa ukuta. Nilitoka ofisini mara moja, nikakaa jamvini na wenzangu, nikaenda Kinondoni makaburini, nikatupa mchanga, nikala ubwabwa, na jua lilikuwa bado juu. Hakuna wasifu, hakuna salamu za ofisini, hakuna mwenyekiti wa kikoba aliyepewa dakika tatu akachukua ishirini. Nilimwambia imamu wa pale mtaani kwamba kwa hili nawaonea wivu. Akasema na yeye anatuonea wivu kwa viti.

Mama Wawili

Mimi nina dukuduku. Kwa nini mnakataa kuzika mtu kwa sababu hajalipa ahadi? Baba yangu mdogo alisumbuliwa hivyo, siyo Dar. Wazee walikuja na daftari msibani! Kwani Mungu anaangalia bahasha?

Mchunga wa Mbezi

Mama Wawili, pole sana. Hili sitalizunguka.

Kwetu kila mshirika ana namba ya bahasha na anaweka ahadi ya mwaka. Bahasha hiyo imegeuka kuwa njia ya kujua nani yupo na nani hayupo, kwa sababu usharika wa mjini una watu wengi kuliko macho ya mchungaji. Mtu akipotea bahasha inapotea, na mzee wa jumuiya anatakiwa aende akaangalie kulikoni. Ndivyo inavyotakiwa kufanya kazi: bahasha inamtuma mzee aende wakati mtu yuko hai. Mzee ambaye hakwenda mwaka mzima halafu anakuja na daftari turubai limeshasimama, huyo kwangu ndiye mwenye deni.

Kuna suala jingine ambalo watu wanalichanganya na hela, la mtu aliyekuwa amejitenga au yuko nje ya utaratibu, mfano anaishi na mwenza bila ndoa. Hapo kanisa lina taratibu zake za aina gani ya ibada ifanyike na wapi. Nazifuata. Lakini hata pale ambapo jeneza haliingii kanisani, mimi naingia nyumbani. Wafiwa hawajafanya kosa lolote, na wengi wao Jumapili wako kwenye benchi langu.

Na nisiwe mnafiki: kuna wachungaji wenzangu wananiona mlegevu.

Mzee wa Hoja

Sawa, msiba nimekupa. Lakini misiba si kila siku. Siku nyingine?

Mchunga wa Mbezi

Siku nyingine kuna ofisi. Jumanne na Jumatano asubuhi ukija utakuta benchi limejaa. Kuna anayehama Kivule anataka barua ya uhamisho. Kuna mama kaja na mtoto wa kidato cha sita, anataka cheti cha ubatizo. Watu wanashangaa ubatizo unahusiana nini na mkopo wa chuo. Unahusiana hivi: Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa, RITA, wale wa kusajili vizazi, kwa aliyechelewa kusajiliwa wanataka viambatanisho, na cheti cha ubatizo ni kimojawapo kinachokubalika. Kwa hiyo msimu wa mikopo ukifika, mimi nageuka karani wa masijala. Nafungua lile daftari kubwa la ubatizo, jalada limeshonwa upya kwa uzi wa viatu, nafuata kwa kidole mwandiko wa mchungaji aliyenitangulia, wino wa bluu umeingia kwenye ukurasa wa pili. Mtoto anasema alizaliwa Machi, daftari linasema kabatizwa Februari mwaka ule ule. Hapo sasa mama anaanza kuangalia dirishani.

Mchana ni ushauri. Zamani, wazee wananiambia, kesi ilikuwa ulevi na wanawake. Siku hizi nusu ya kesi ni mikopo ya kausha damu. Mama amekopa bila mumewe kujua, ameweka rehani friji na sofa, marejesho ni ya kila siku au kila wiki, akichelewa riba inapanda. Akakopa kwingine kulipa kwa kwanza. Mume anarudi jioni anakuta sebule nyeupe, kochi limeondoka, televisheni imeondoka. Anadhani ni wezi. Mke anamwambia tumeibiwa. Nao wote wawili wanakuja kwangu kuniomba niwaombee wezi wakamatwe!

Ukiwa umekaa kiti hiki muda, unaona mke hakutazami usoni. Unamwomba baba atoke nje akaangalie gari la kanisa tairi lina nini, unabaki na mama. Mengine siyasemi.

Tumeanzisha kikundi cha kuweka na kukopa pale usharikani, riba ndogo, wazee wa hesabu ni wanawake watupu. Hakijamaliza tatizo. Aliyezama kwenye mikopo mitano haokolewi na kikoba cha hisa za elfu tano. Ila kuna waliotoka.

Dada Lulu

Mimi ni mmoja wa waliopitia, si kwako lakini. Mchungaji wangu alinisindikiza kwa wale jamaa mwenyewe, akiwa na kola. Walipunguza riba palepale. Kola ina nguvu zake.

Mchunga wa Mbezi

Dada Lulu, ina nguvu na ina gharama. Ukivaa kola ukapanda daladala, hujamaliza kukaa mtu ameshaanza kukueleza matatizo ya shemeji yake. Na Mbezi kwetu kuna Stendi ya Magufuli, toka ilipofunguliwa 2021 nimepata usharika mwingine usio na namba za bahasha. Mtu anakuja: "Baba, nimeshuka basi, nimeibiwa begi na simu, naomba nauli ya Mwanza." Wapo wa kweli. Wapo ambao walipata nauli ya Mwanza kwangu, wakapata ya Songea kwa padri wa jirani, na jioni wako palepale wanakunywa supu.

Njia yangu ni moja. Nanyanyuka naye, tunakwenda stendi wote, nakata tiketi kwa jina lake, namkabidhi kwa kondakta. Yule wa kweli analia njiani kwa furaha. Yule mwingine tukifika getini anakumbuka ana binamu Kibamba.

Shabiki Kindakindaki

Hahaha binamu wa Kibamba. Mchungaji tuache hayo, wewe Simba au Yanga? Usikwepe.

Mchunga wa Mbezi

Swali la mtego. Yanga ni ya 1935, Simba ya 1936, na tangu hapo hakuna mchungaji wa Dar aliyejibu swali hili akabaki na wazee wa kanisa wote.

Nawaambia tu shida ninayopata na stola, ule mtandio mrefu wa shingoni wa ibada. Kipindi kile kirefu baada ya Sikukuu ya Utatu rangi ya kanisa ni kijani, Jumapili nyingi mfululizo. Wanasimba wananiangalia kwa jicho baya. Ikifika Pentekoste navaa nyekundu, na Siku ya Matengenezo mwishoni mwa Oktoba nyekundu tena, nasikia vigelegele vya uchokozi kutoka benchi la vijana. Kuna mwaka nyekundu iliangukia Jumapili baada ya mechi ya watani. Mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama kalenda ya KKKT ilichapwa Msimbazi.

Mechi za watani naangalia nyumbani, sauti imepunguzwa, pazia limeshushwa. Goli likiingia sishangilii. Jirani asije akajua kutokana na dakika niliyopiga kelele.

Kijana wa Tandika

Huyo Yanga. Ameshasema "kijani" kwa furaha.

Mzee wa Hoja

Na zaidi ya mpira? Mnaruhusiwa kufurahi nyie?

Mchunga wa Mbezi

Tunaruhusiwa. Nafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba ya mchungaji. Na ninapenda muziki wa dansi, wa zamani hasa. NUTA Jazz iliyoanza 1964 na baadaye ikawa Msondo, Mlimani Park ya 1978, hao ndio waliokuwa redioni baba yangu akinyoa ndevu. Jumamosi usiku nikikwama kwenye mahubiri naweka chini chini, nasikiliza magitaa matatu yanavyopishana bila kugongana.

Kuna muumini alinikuta nasikiliza akashtuka. Nikamwambia asikilize kwaya zetu za Dar za miaka ya tisini, zile zenye magitaa ya umeme. Ondoa maneno, bakiza solo na besi, uniambie uko kanisani au uko DDC Kariakoo. Wapiga magitaa wengi waliokoka na vidole vyao. Aliondoka bado hajaridhika, ila siku hizi naye anaimba besi.

Siku ninayoifurahia kupita zote, hata Krismasi haifiki, ni Mikaeli na Watoto, mwishoni mwa Septemba. Watoto ndio wanaendesha ibada, wanasoma masomo, mahubiri anatoa wa darasa la tano. Mimi nakaa benchi na watu. Mwaka fulani mhubiri alisimama juu ya kreti la soda ili maiki imfikie, akasoma ukurasa wa kwanza, akageuza, ukurasa wa pili haupo. Akatazama watu. Akasema, "Yaliyobaki mama anayo nyumbani. Tusimame tuombe." Sijawahi kusikia Amina kubwa kama ile.

Mama Wawili

😂😂 Nyie mnaohubiri saa nzima mjifunze.

Bwana wa Kijichi

Naingilia kati. Mke wangu ndiye mchungaji. KKKT walikubali wanawake 1990, kwa hiyo si jambo la jana, lakini watu bado hawajui wanifanye nini mimi. Tukifika msibani, mimi nimevaa shati la kitenge, yeye yuko na kola kabisa, kamati inanikimbilia: "Baba mchungaji, karibu utuombee." Nawaonyesha mwenye kazi. Wanacheka wanadhani natania. Kisha wanamtafutia yeye nafasi jikoni kwa akina mama.

Na wake wa wachungaji wana umoja wao, wanakutana, wana vitenge vya sare. Sisi waume hatuna chochote. Tuko wachache tukikutana tunaongelea magari.

Mchunga wa Mbezi

Bwana wa Kijichi, umegusa jambo ambalo sikulileta: nyumba ya mchungaji ina mlango lakini haina kufuli. Mke wangu ni mwalimu, ana kazi yake ya kumtosha, na bado akikosa kikao cha akina mama inakuwa habari. Mtoto wangu akifeli hesabu, kafeli mtoto wa mchungaji. Uhamisho ukija, mnahama wote. Wa kwangu wameshabadili shule katikati ya muhula.

Mzee wa Hoja

Umeongea vizuri lakini hela umeikwepa. Sadaka zinakwenda wapi? Weka mshahara mezani.

Mchunga wa Mbezi

Namba siweki, mke wangu naye anasoma humu. Nakwambia hivi: rafiki yangu niliyesoma naye sekondari ni mwalimu wa serikali, na mwisho wa mwezi mimi ndiye ninayemkopa.

Sadaka mimi siishiki. Ibada ikiisha wazee wanahesabu, wanaandika, wanasaini, Jumatatu inakwenda benki. Ya simu inaingia lipa namba ya usharika. Sehemu inapanda dayosisini, sehemu inalipa wahudumu, umeme, jengo. Jengo ndilo mdomo usioshiba. Bomoabomoa ya kupisha upanuzi wa barabara ilipopita Kimara hadi Kiluvya 2017, familia nyingi za kwetu zilitawanyika, nyingine zilikwenda Kibaha, nyingine vijijini kabisa. Usharika ukabaki na msingi wa jengo jipya na watu pungufu wa kulimalizia.

Kinachotuokoa ni mnada. Baada ya ibada watu wanatoka nje, kuna mayai, miwa, mkungu wa ndizi, jogoo kafungwa miguu. Mnadishaji wetu ni fundi seremala, mdomo wake ungepaswa kulipiwa kodi. Jogoo wa elfu ishirini na tano anafika laki, aliyemnunua anamrudisha mezani anauzwa tena. Kuna jogoo mmoja alinunuliwa na watu wanne na hakuna aliyemchukua. Nadhani mnajua yuko kwa nani sasa hivi.

Mzee wa Hoja

😂 Ndiyo maana unafuga kienyeji. Sawa mchungaji, laini si laini sana. Nabaki na lindo langu. Lakini hawa manabii wa maji na mafuta ya upako wao mbona magari yanabadilika kila mwaka?

Mchunga wa Mbezi

Waulize wao. Mimi nitasema la upande wangu. Nina waumini ambao Jumapili wako kwangu na Jumatano wako kwa nabii. Nawajua, na wao wanajua najua. Februari 2020 kule Moshi watu 20 walikufa wakikanyagana kukimbilia mafuta, na wiki ile nilidhani mambo yatabadilika. Hayakubadilika. Mtu ana mgonjwa ndani, hospitali imemwambia arudi baada ya mwezi, mimi nimemwambia nitapita Alhamisi na Alhamisi nimekwama foleni ya Ubungo. Nabii kamwambia njoo leo. Kabla sijamlaumu najiuliza kwanza Alhamisi ile nilikuwa wapi.

Fundi wa Goba

Shikamoo mchungaji. Nimesoma uzi wote kimya. Mimi na mzazi mwenzangu tumeishi miaka saba, watoto wawili. Mahari nilitoa nusu. Kila tukipanga kufunga ndoa, kamati ya harusi wanaleta bajeti ya ukumbi na keki nakimbia. Mke anataka kurudi Meza ya Bwana. Je, kisheria sisi ni kitu gani, na tunaanzia wapi?

Mchunga wa Mbezi

Marahaba Fundi. Swali lako ndilo ninalolipata kuliko yote.

Kisheria, Sheria ya Ndoa ya 1971 kifungu cha 160 inasema watu wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, inadhaniwa wameoana. Ni dhana, inaweza kupingwa mahakamani, na huna cheti mkononi. Siku umeanguka kwenye jengo huko kazini, ndugu zako wakija na lori, mwenzako atakuwa anatafuta mashahidi wa kuthibitisha kwamba alikuwa mkeo. Nimeyaona hayo, tena siku ya tatu ya msiba.

Kanisani hakuna anayekudai ukumbi. Kinachotakiwa ni vyeti vya ubatizo na kipaimara, barua kutoka usharika wako kama si wa kwetu, mafundisho ya ndoa, na mashahidi wawili. Sheria inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe siku 21 kabla, na sisi tunatangaza Jumapili tatu mfululizo ili mwenye pingamizi aseme. Mimi nafungisha hata siku ya kazi, au mara baada ya ibada ya kwanza, watu kumi na tano, wanandoa wamevaa nguo zao za Jumapili. Dakika arobaini mmemaliza, mmesaini, cheti ni kile kile cha serikali anachopata aliyekodi ukumbi wa Mlimani City. Soda mtakunywa nyumbani.

Mahari iliyobaki isikuzuie. Nenda na mshenga kwa wazee wa binti, waeleze unataka kufunga, omba waridhie kwa maandishi na deni libaki deni. Wengi wanaridhia, kwa sababu na wao wamechoka kuulizwa kanisani kwao. Wakikataa, niambie ni akina nani nikupe mzee wa kabila lao hapa usharikani uende naye, hao huwa wanajua pa kushika.

Na kamati ya harusi usiivunje kwa ugomvi. Waambie michango yao waisubirishe, mtafanya sherehe mkijaliwa. Utashangaa watakavyopungua.

Fundi wa Goba

Aisee. Nimemsomea mwenzangu hapa, kasema kesho. Nimemwambia kesho ni Jumatatu umepumzika.

Mchunga wa Mbezi

Njooni Jumanne saa tatu asubuhi. Mje wote wawili, usije peke yako ukasema yeye atakuja siku nyingine. Namba ya ofisi nakutumia faragha. Kama cheti cha kipaimara kimepotea, niandikie leo usharika na mwaka uliopata ili nianze kumtafuta mchungaji wa kule kabla hamjafika.

Fundi wa Goba

Cha kwangu kipo. Cha mwenzangu kililiwa na panya. Bukoba, mwaka nauliza mama mkwe.